Pumzi ya Kamanda Ngeleja

Zagayu,
11 Julai 2004

Mpwa wangu Athanasi,

Mwangaluka. Huku wote wazima, mimi mwenyewe mzima kama jembe jipya, kwa hiyo tusimalize karatasi kwenye salamu.

Nataka uniambie umewafanya nini vijana wetu.

Juzi alfajiri tulipokea nyayo. Utaratibu unaujua, hata kama siku hizi unakaa Somanda unauza vita kwa nusu saa. Ng'ombe wakiibwa kijiji cha jirani, wenyewe wanafuata kwato hadi mpakani, wanapiga filimbi, wanatukabidhi sisi sungusungu wa hapa. Nasi tunakimbia nazo hadi mpaka wetu wa pili, tunakabidhi wengine. Kijiji ambacho nyayo zinafia ndicho kinachoulizwa. Safari hii walikuwa ng'ombe wa mama Ng'washi, yule mjane, zizi lote, na mavi tuliyoyakuta njiani yalikuwa bado ya moto.

Nikagawa watu. Mashimba na kundi kubwa wapite juu kwenye mashamba ya pamba. Mimi, mwanangu Mabula na wenzake wawili tushuke korongoni tukawakate mbele. Mpango mzuri kabisa. Mashimba akafika kivukoni, hakuna aliyekata mbele wala nyuma. Ng'ombe wamevuka, wezi wamevuka, vumbi nalo limetua. Akarudi kwa hasira kutafuta wenzake, akawakuta vijana wangu watatu wamechuchumaa chini ya minyaa, wametulia kama kuku wanaotaga.

"Mnafanya nini?"

Mabula akajibu mbele ya watu wote: "Tunajaza pumzi."

Pumzi inajazwa, Athanasi? Ni pipa? Akaeleza kwamba kwenye gemu ya kaka Athanasi, askari akiishiwa pumzi anachuchumaa, mstari unajaa, ndipo anaendelea. Mimi nilikuwa nyuma kidogo nikisoma kwato, sikuweza kuwazuia.

Soko huria lilianza kwa kutuletea wanunuzi wengi wa pamba, kila mmoja na mzani wake na kila mzani na akili zake. Tukavumilia. Sasa limetuletea askari wa kwenye kioo anayewafundisha vijana kukaa chini wakati wa kukimbia.

Nyayo zimefia kwetu. Mkutano wa sungusungu ni Jumamosi ya tarehe 31. Mashimba anataka vijana watengwe: wasipewe moto, wala chumvi, wala salamu, na ng'ombe wa nyumbani kwao wasinywe kwenye lambo. Mabula akitengwa, ni kama nimezika mtoto anayetembea. Kwa hiyo uje, usimame, useme mashine yako ndiyo iliyowaharibu. Mashine haina ukoo. Ikilaumiwa haitalia.

Mjomba wako,
Kamanda Ngeleja


Somanda, Bariadi,
15 Julai 2004

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imeletwa na utingo wa lori la pamba, ambaye alikuwa ameshaisoma. Amenipa pole.

Mimi nina televisheni mbili, jenereta moja yenye kikohozi, na mabenchi niliyonunua kanisani walipobadilisha. Mpaka sasa nimelaumiwa kwa utoro shuleni, kwa kuku waliopotea, na kwa mke wa mtu aliyekwenda Mwanza bila kuaga. Sasa na ng'ombe. Sawa. Lakini kwa kuwa wewe ni mjomba, nitakueleza jambo hili lilivyo, maana unalaumu kitu usichokijua.

Katika gemu hiyo mchezaji anaongoza askari mmoja. Chini ya kioo, kona ya kushoto, kuna mstari wa kijani. Hiyo ndiyo pumzi yake. Akitembea, mstari unabaki ulivyo. Akikimbia unapungua, unageuka wa njano, halafu mwekundu. Ukiisha, askari anaanza kuhema kama mbuzi aliyepanda lori, macho yake yanacheza, bunduki inatikisika mkononi, na ukimlazimisha kukimbia hakusikii. Akisimama, mstari unarudi polepole. Akichuchumaa unarudi upesi zaidi. Hapo vijana hawakudanganya.

Lakini ndiyo hivyo tu. Huyo askari anabeba bunduki mbili, sanduku la risasi na kombora, na hajawahi kusema mgongo unamuuma. Hali, hanywi, hana mke wa kumuuliza alikuwa wapi. Mtu mwenye akili akiangalia anajua ni kichekesho. Vijana wako wamefukuza wezi tangu hawajaota ndevu, na wanajua kwamba mwizi hasubiri mtu ajaze mstari.

Kuna na jambo jingine. Nimekaa kwenye kiti hiki mwaka wa tatu sasa, naangalia watu wanavyotumia pumzi ya mtu mwingine. Kuna fundi baiskeli anayetembea vita nzima. Hafi, ila vita inaisha hajafika. Kuna karani mmoja anakimbia mita chache, anachuchumaa, anakimbia, anachuchumaa, kama mtu anayeswali. Mabula wako hachuchumai. Hajawahi. Nimemfokea mpaka koo likauka: "Mabula, mstari mwekundu! Kaa chini!" Yeye ananijibu "nikifika nitakaa", anakimbia mpaka anahema, anapigwa risasi, anacheka, anaomba aanze upya.

Huyo ndiye aliyechuchumaa chini ya minyaa? Muulize tena, mjomba.

Siji kusema mashine ilifanya kitu ambacho haikufanya.

Mpwa wako,
Athanasi


Zagayu,
19 Julai 2004

Athanasi,

Sikukuuliza tabia za karani. Mwanangu namjua kuliko wewe unayemwona kisogo siku ya gulio.

Hata hivyo mkutano utataka maelezo kamili, na mimi kama kamanda siwezi kusimama pale nikiwa nusu najua nusu sijui. Kwa hiyo nijibu haya, moja baada ya jingine, bila vichekesho.

Huyo askari akiishiwa, pumzi inarudi yote? Au inarudi pungufu?

Kama jana alikimbia na mstari ukarudi hadi mwisho, na leo amekimbia kidogo tu na mstari umeisha, hiyo ni hitilafu ya mashine au ndivyo walivyoitengeneza?

Akilala usiku inakuwaje? Anaweza kuamka mstari ukiwa tayari nusu, kabla hata hajavaa viatu?

Kifua kinabana au ni kuhema tu? Kuna mambo ya mkono wa kushoto?

Na kama kuna dawa yake, ni ipi.

Nauliza kwa niaba ya mkutano. Watu wa huku wanapenda kujua jambo kwa undani kabla ya kumhukumu mtu. Mashimba ndiye hapendi, lakini Mashimba tangu utoto alikuwa anakula ugali bila kusubiri mboga.

Tarehe 31 uje. Useme nilivyokuambia, vijana waonywe, kila mtu arudi nyumbani kwake. Sielewi kwa nini unalifanya jambo dogo kuwa kubwa.

Mjomba wako,
Kamanda Ngeleja


Somanda,
23 Julai 2004

Mjomba,

Shikamoo.

Mwaka wa tatu huu, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza kama askari wangu analala. Nimelazimika kufunga banda mchana, nikakaa mwenyewe na pedi ya kuchezea mkononi, nikicheza kwa niaba ya mkutano wa Zagayu. Wateja walikuwa wanachungulia dirishani wakidhani nimeanza kuzeeka vibaya.

Majibu ni haya.

Kuna kuchoka kwa namna mbili. Ya kwanza nilishakueleza: mstari unashuka, unapumzika, unajaa. Ya pili ni mbaya zaidi, na wachezaji wengi hawaioni kabisa. Askari akijeruhiwa, au akienda siku nyingi za vita bila kupita kambini, ule mstari wenyewe unakatwa. Unajaa, ndiyo, lakini unajaa hadi mahali pafupi, halafu unagota. Ukichuchumaa mpaka mvua inyeshe, hauendi mbele. Mchezaji mgeni anadhani amejaza. Anakimbia, na katikati ya uwanja, mbele ya adui, mstari unamwishia.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba si hitilafu. Ndivyo ilivyo.

Dawa ni moja. Kuna askari mwenzake mwenye sanduku la msalaba mwekundu. Inabidi umrudie huyo, hata kama vita imenoga. Wachezaji wanachukia kurudi. Wanaona aibu. Wengi hawarudi, na ninajua watakapofia.

Kuhusu kifua, hakuna. Anahema tu. Na mkono wa kushoto, mjomba, anautumia kushikia mtutu wa bunduki. Hakuna gemu yoyote duniani yenye mambo ya mkono wa kushoto.

Sasa na mimi niulize. Mkutano umeyatoa wapi hayo?

Jana Mabula alikuja gulioni. Nikamwita, nikamwambia leo cheza bure. Alishtuka, kwa sababu ananijua. Nikasimama nyuma yake. Akakimbia mpaka mwekundu, akapigwa risasi, kama kawaida, ila safari hii hakucheka. Nikamwambia, "Mbona hukuchuchumaa? Si ndivyo nilivyokufundisha?" Akaweka pedi chini taratibu kana kwamba ni yai.

"Kaka, niache," akasema. "Hukumu yangu nimeshaikubali."

Kijana anayekubali kutengwa kwa kosa la kijinga namna ile hana woga, mjomba. Huyo amebeba mzigo wa mtu.

Athanasi


Somanda,
24 Julai 2004

Mayu Milembe,

Shikamoo mama. Hii nimempa Mabula, aliyelala kwangu tangu siku ya gulio, akupe mkononi. Nakuuliza wewe, mke wake, kwa sababu mjomba ananijibu kwa maswali. Je, ana afya? Usiniambie "mzima kama jembe", hilo nimeshaambiwa.

Mwanao,
Athanasi


Zagayu,
27 Julai 2004

Ng'wanawane, mwanangu Athanasi,

Marahaba. Naandika mwenyewe, kwa mwandiko wa kisomo cha watu wazima, ukishindwa kusoma mahali fulani ujue na mimi nilishindwa kuandika.

Jembe gani? Mjomba wako analala amekaa. Tangu wakati wa palizi. Ameegemea gunia la mpunga, anasema akilala chali anasumbuliwa na ndoto. Nikamwambia ndoto gani inamtoa mtu jasho mpaka gunia linaloa. Akaniambia nisiingilie mambo ya ulinzi.

Mchana ndiyo kichekesho. Kutoka hapa mpaka lamboni anasimama, anainama, anatazama chini kwa makini. Ukimuuliza anasema anasoma kwato. Athanasi, anasoma kwato mahali ambapo hata kuku hajapita. Juzi alisoma kwato mlangoni kwetu, ndani ya uzio, ameshika nguzo kwa mkono mmoja. Nikasema, "Baba Mabula, hao wezi wamelala kwetu?" Akanikasirikia siku nzima.

Ng'ombe walipopotea mimi sikuwepo huko korongoni. Ninachojua ni kwamba alirudi amechafuka magotini na kifuani, na Mabula amemshika kwa nyuma kama mtu anayesindikiza mgeni. Tangu siku ile baba na mtoto hawasemezani. Mabula hali. Nikiuliza, mmoja anaangalia paa na mwingine anaangalia mbwa. Mimi nimechoka na wanaume wa nyumba hii, wote, na mbwa ni dume vilevile.

Ukamanda huu ameushika tangu sungusungu zilipoanza. Anaogopa akiuweka chini watu watasema Ngeleja amekwisha. Mimi naogopa atakwisha kweli. Jumamosi wanamtenga mtoto wangu. Nitawekewa watu wa kuangalia kama nampa moto mwanangu wa kumzaa.

Usimwambie nimekuandikia. Au mwambie, basi. Nimeshafika mahali sijali.

Mama yako,
Milembe


Somanda,
28 Julai 2004

Mjomba,

Utingo anaondoka sasa hivi, kwa hiyo sina nafasi ya adabu nyingi.

Jumamosi nitakuja. Lakini sitasema mashine iliwafundisha. Ina makosa mengi, inakula mafuta, inaharibu watoto macho, lakini haikuwa korongoni siku ile. Na sitasema nani alikuwa chini kwa magoti, kwa sababu sikuwepo na si kazi yangu kumvua mjomba wangu nguo mbele ya Mashimba. Nitakaa kimya kwenye benchi. Ni wewe utakayeamua Mabula anarudi nyumbani kwa nani.

Ulitaka kujua dawa. Hospitali iko hapa, kutoka kwangu unatembea kidogo, na ukitaka kusimama njiani utasimama. Kitanda kipo. Majirani nitawaambia umekuja kuuza pamba.

Nimekasirika, mjomba. Umeniandikia kurasa zote hizo kuhusu pumzi ya mtu asiyekuwepo.

Athanasi


Zagayu,
2 Agosti 2004

Kaka Athanasi,

Vipi. Tulikusubiri Jumamosi mpaka jua likawa kali, baadaye tukasikia lori ulilopanda limevunjika ekseli njiani. Pole. Mama amesema nikuandikie yote, nisiruke, maana wewe ndiye uliyelianzisha. Mimi nasema baba ndiye aliyelianzisha, lakini mama habishiwi.

Watu walijaa. Mama Ng'washi naye alikuja na ndugu zake, wamekaa mbele kabisa. Mashimba akasimama kusoma mashtaka, anajikohoza kama mkuu wa wilaya.

"Mabula ng'wana Ngeleja. Unasema mashine ilikufundisha kukimbia vita?"

Nikasema ilinifundisha kuchuchumaa.

"Na kama ingekufundisha kutaga?" akasema mzee mmoja nyuma. Watu wakacheka mpaka mimi mwenyewe nikataka kucheka, nikakumbuka ndiye ninayehukumiwa.

Mashimba akauliza nani anatetea. Akasema basi, kwa mujibu wa sheria zetu, hawa watatu watengwe mpaka msimu ujao wa pamba. Watu wakaanza kuitikia. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamanda anaangalia mikono yake. Akanyanyuka.

"Mashimba, kaa."

"Kamanda, hukumu bado haija..."

"Kaa, nisije nikaishiwa kabla sijamaliza."

Akavua filimbi shingoni. Akasema, taratibu, anapumua katikati ya maneno: "Hawa hawakujificha. Mimi nilianguka. Nilianguka korongoni, kifua kimekaza, siwezi hata kuita. Niliwaashiria waende, wafuate ng'ombe. Huyu akakataa. Walichuchumaa kunifunika nyuma ya minyaa, ili mtu akitokea asinione. Habari za mashine walizitunga wao. Mimi nikaziacha zipite kwa sababu zilinifaa."

Mashimba akasema, sauti imepungua, "Lakini kamanda akisema nenda, askari anakwenda. Waliasi amri."

Hapo mama Ng'washi akasimama. Mimi nikajua tumekwisha, maana ng'ombe ni wake.

"Ng'ombe wangu nawataka," akasema. "Msidhani nimesahau. Nyayo zimefia kwenu, mtanitafutia. Lakini mume wangu alianguka kwenye mtama peke yake, tukamkuta jioni. Huyo kijana mkimnyima moto, mimi nitatoka kwangu kuja kumletea." Akaketi. Hakulia wala nini. Akaanza kukung'uta vumbi kwenye kanga yake, amekasirika.

Basi ikaisha hivyo. Hatukutengwa. Tumepewa kazi ya kutafuta wale ng'ombe, sisi watatu, minada yote mpaka Maswa. Filimbi akapewa Mashimba, aliipokea kwa mikono miwili, akawa hajui aivae au aishike.

Kurudi nyumbani baba alisimama kila alipotaka na hakuinama kusoma chochote. Mimi nikawa nasimama naye. Karibu na lambo akaniambia, "Siku ile ungenisikia ukawafuata, ungewapata." Nikamwambia nafahamu. Akasema, "Mjinga wewe." Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia tangu siku ile.

Kesho kutwa namleta hospitali. Andaa kitanda. Na usimchezee shere, bado ana hasira na wewe.

Mdogo wako,
Mabula


Zagayu,
12 Septemba 2004

Mpwa wangu Athanasi,

Marahaba, maana najua umeamkia hata kama uko mbali.

Nimerudi salama. Asante kwa kitanda. Kwa zile risasi za ukutani mchana kutwa sitoi asante. Mgonjwa wa moyo unamlaza chumba kinachopakana na vita? Daktari alisema nipumzike, nikamwambia nimepangiwa kwenye mpaka wa adui.

Dawa nakunywa. Milembe ananisimamia mpaka nimeze, halafu ananiambia nifungue mdomo aone. Nimeongoza watu wenye mishale, sasa nakaguliwa ulimi. Chumvi amenipunguzia, nyama amenipunguzia, na kahawa ameificha mahali ambapo nimeshapajua ila sijapafikia kwa sababu ni juu.

Ng'ombe wawili wa mama Ng'washi wamepatikana mnadani, wana alama yake sikioni. Mabula na wenzake bado wanawatafuta waliobaki. Yule mama amekuja hapa mara mbili kuuliza wamefikia wapi, na mara zote amekunywa uji wetu akiwa amenuna.

Nakuandikia leo kwa jambo jingine. Asubuhi hii, wakati wa kupeleka ng'ombe malishoni, filimbi ililia. Wezi tena, upande wa juu. Nilisimama. Sikujua nimesimama mpaka Milembe aliponishika shati.

"Unakwenda wapi?"

"Naangalia tu."

"Angalia ukiwa umekaa."

Nikakaa. Nikawa nasikiliza. Athanasi, kijiji hiki nakijua kwa masikio. Nikasikia Mashimba anawapeleka kusini, kwa kasi nzuri sana, wote pamoja, wanakimbia kama swala. Na kusini hakuna kitu! Hakuna mwizi anayepeleka ng'ombe kusini wakati huu, maji yamekauka kote huko. Atapita magharibi, nyuma ya mashamba ya pamba, afuate korongo. Nikamwambia Milembe. Nikamwambia tena. Nikapiga kelele, ukelele wenyewe haukufika hata kwenye uzio. Nikaanza kusimama.

Milembe akanitazama. Akavua kandambili, akafunga kanga kiunoni, akanipa mwiko wa maharage mkononi na kusema, "Koroga." Halafu akakimbia yeye.

Mke wangu ana wajukuu. Alikimbia kwenye kile kijia cha pamba na nywele wazi, akiita jina la Mashimba na kulichanganya na matusi niliyodhani hayajui.

Nikabaki. Watu hawanipiti, kijiji kizima kimekwenda. Nimekaa hapa kwenye kigoda na karatasi hii gotini, kwa kuwa nisipoandika nitasimama. Maharage yameanza kuungua, nayakoroga kwa mkono huu, naandika kwa mkono huu. Utaniwia radhi mistari ikipinda.

Filimbi ilikuwa kusini muda mrefu. Halafu ikanyamaza. Nikafikiri mengi pale iliponyamaza, hayo sikuandikii.

Sasa hivi imelia tena. Ngoja.

Imegeuka. Iko magharibi, inashuka korongoni, na yuko mtu anayeipuliza vibaya kabisa, bila mpangilio, kama aliyenyang'anya filimbi ya mwenzake na hajawahi kuishika maishani. Nadhani namjua.

Nimekaa.

Mjomba wako,
Ngeleja